Paulo Freire, mwalimu aliyefundisha kusoma kwa maneno ya kazi

Safari hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye hakushuka ndani ya shimo hata siku moja, hakuvaa kofia ya mgodi, hakuwa delege wa sendika. Hata hivyo sisi watu wa mashimo tunamuhesabu kuwa wa kwetu. Jina lake Paulo Freire, mtu wa Brazil. Wale waliosoma ualimu wanalijua hilo jina, maana liliwatoa jasho kwenye egzame. Wengine wanalisikia kwa mbali tu. Leo tunamueleza kama mtumikaji, kwa sababu ndivyo alivyokuwa: alitumika katika biro, katika masomo, katika vijiji, tena katika inchi za watu, akiitwa kuja kutoa shauri namna gani mtu mzima anaweza kujifunza kusoma na kuandika.

Alizaliwa tarehe 19 mwezi wa 9, mwaka wa 1921, mjini Recife, kaskazini-mashariki ya Brazil. Kule ni inchi ya miwa na jua kali. Wenye mashamba ni wachache, wengine wote ni mikono tu. Baba yake, Joaquim, alikuwa ofisa wa polisi ya jimbo. Mama yake, Edeltrudes, alikuwa mkatoliki wa kweli. Hao wawili walimufundisha mtoto kusoma mbele hajaingia masomo. Walikaa naye uani, chini ya muembe, wakaandika maneno juu ya udongo kwa kijiti. Udongo ndio ulikuwa tablo, kijiti ndicho kilikuwa chaki. Na maneno yenyewe yalikuwa yale ya nyumbani, yale mtoto aliyasikia kila siku. Mushike vizuri ile, kwa maana kazi yake yote ya nyuma inatokea pale.

Kisha njaa ikaingia. Mwaka wa 1929 biashara ya dunia ilianguka. Wazee wetu wa Katanga nao waliiona, wakati Union Minière iliporudisha watumikaji wengi makwao. Familia ya Freire ilihama Recife mwaka wa 1932, wakaenda kukaa Jaboatão, mahali pa bei ndogo. Miaka miwili nyuma baba akafa, Paulo akiwa na miaka 13. Alirudi nyuma katika masomo. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kama si uvivu wala ujinga: tumbo tupu halishiki somo. Mama yake alizunguka masomo kwa masomo mjini Recife akitafuta atakayempokea mtoto bila feza. Direktere mmoja, Aluízio Araújo wa Colégio Oswaldo Cruz, akakubali. Miaka michache nyuma, yule kijana aliyepokelewa bure akarudi palepale kama mwalimu wa Kireno.

Mwaka wa 1943 aliingia kusomea sheria. Mwaka uliofuata akamuoa Elza, mwalimu wa watoto wadogo, wakazaa watoto watano. Watu wanamusahau sana huyu mama. Freire hakumusahau, alisema wazi kwamba Elza ndiye alimusukuma aingie katika kazi ya elimu. Juu ya sheria, aliiacha haraka. Kesi yake ya kwanza ilikuwa ya deni: dantiste kijana aliyeanza kazi alikopa feza ya kununua vyombo, akashindwa kulipa, na Freire ndiye avoka wa yule anayedai. Kijana alikuja mbele yake, akaeleza taabu zake, bibi na mtoto nyumbani. Freire akamuambia kwamba hataendelea na hiyo kesi. Akarudi nyumbani, akamuambia bibi yake kwamba uavoka umekwisha. Elza alifurahi, alikuwa anaingojea ile habari.

Mwaka wa 1947 akapata kazi SESI. Hili ni shirika la wenye viwanda wa Brazil, la kusaidia watumikaji na familia zao kwa dawa, masomo na michezo. Sisi wa sendika tunazijua taasisi za namna hiyo. Patro anatoa kwa mkono mmoja kusudi watu wasiombe kwa mikono miwili. Freire naye aliona hivyo, lakini alikaa pale karibu miaka 10, na anasema ndipo alipojifunza kazi. Aliwekwa kuangalia masomo ya SESI katika Pernambuco, kuongea na walimu, kuita wazazi, kuwafundisha waongee na masomo ya watoto wao.

Hapa kuna jambo moja tunataka kulikalia. Siku moja usiku aliita wazazi, watumikaji wa kawaida, akawapa hotuba juu ya kupiga watoto. Alikuwa amefanya ankete, akaona wazazi wengi wanapiga sana. Basi akawaeleza maneno ya mwanachuoni Piaget wa Uswisi, kwamba watoto wapashwa kuongozwa kwa upole, na mengine marefu. Alipomaliza, mtumikaji mmoja wa miaka karibu 40 akasimama. Kwanza akamushukuru. Kisha akamuuliza kama anajua wapi wao wanakaa. Akaanza kueleza nyumba zao: vyumba vidogo, watu wengi, hakuna mahali pa kulala vizuri. Akaeleza nyumba ya Freire ambayo hajawahi kuiona: bustani, chumba cha wazazi, vyumba vya watoto, chumba cha vitabu, maji ya moto. Freire akakubali, ndivyo ilivyo. Yule baba akamalizia: mtu akirudi nyumbani na uchovu, akikuta watoto wameoga, wamekula, wanacheza, kumupiga mtoto ni vigumu. Lakini sisi tunarudi na uchovu tukikuta watoto wana njaa na kelele, na saa 10 ya usiku tunaamka tena. Hatupigi kwa sababu hatupendi, tunapiga kwa sababu maisha hayatupi nafasi.

Freire alitaka kupotea ndani ya kiti chake. Ndani ya motokari alilalamika kwa Elza kwamba watu hawakumuelewa. Elza akamujibu kwa utaratibu kwamba pengine ni yeye ambaye hakuwaelewa hao. Miaka zaidi ya 30 baadaye, akiwa mzee anayejulikana dunia nzima, aliandika ile habari ndani ya kitabu na kusema kwamba hotuba ya yule mtumikaji ndiyo ilimufundisha kuliko vyote. Jina la yule baba halikuandikwa. Tungependa kulijua.

Basi tueleze sasa ile namna yake ya kufundisha, maana wengi wanasema metodi ya Freire bila kujua ni kitu gani. Hakuanza na kitabu cha a, e, i, o, u kilichoandikwa mji mkuu. Kwanza watu wake walikwenda kukaa mahali wanafunzi wanaishi, kusikiliza wanavyoongea: sokoni, kazini, kanisani, kwenye pombe. Wakaandika maneno yenye uzito. Kati ya hayo wakachagua machache, mjini Recife yalikuwa 17, ambayo ndani yake sauti zote za Kireno zimo. Neno moja likapewa picha. Tuseme tofali, ambalo kwa Kireno ni tijolo. Picha inaonyesha watu wanajenga. Mbele ya kusoma herufi hata moja, watu wanaongea: nani anajenga hii nyumba? Yeye mwenyewe anakaa wapi? Kwa nini anayefyatua matofali hana nyumba ya matofali? Kisha neno linakatwa: ti-jo-lo. Kila kipande kinaleta ndugu zake: ta-te-ti-to-tu, ja-je-ji-jo-ju, la-le-li-lo-lu. Halafu mwanafunzi anaunganisha mwenyewe. Lu na ta, anapata luta, ambayo kwa lugha yao ni kupigana, kushindana. Hakuna aliyemuamuru aandike hivyo.

Kwa Kiswahili ingekuwa rahisi kuliko Kireno, lugha yetu inakatika yenyewe. Chukua kazi: ka-ke-ki-ko-ku, za-ze-zi-zo-zu. Palepale una kuku, kaka, zika, kiza. Neno moja, masaa mawili, na mtu tayari ameandika vitu ambavyo hakufundishwa.

Kikundi hakikuitwa klasi, kiliitwa duara la utamaduni, na watu walikaa wakitazamana. Mwenye kuongoza alikuwa wa kuuliza na kusikiliza. Kuna watu waliocheka wakisema ni maneno mazuri tu. Ndipo ikaja Angicos.

Angicos ni mji mdogo wa jimbo la Rio Grande do Norte, mahali pa ukame. Mwanzo wa mwaka 1963, wanafunzi wa universite waliofundishwa na Freire walikwenda pale, wakafungua maduara ndani ya nyumba za watu. Mashamba mchana, masomo usiku. Wanafunzi walikuwa karibu 300: walimaji, mafundi wa majengo, wamama wanaofua nguo. Mpango ulikuwa saa 40 za masomo. Tarehe 2 mwezi wa 4, prezida wa Brazil, João Goulart, alikuja mwenyewe kufunga somo la mwisho. Na kati ya wakubwa waliosimama pale alikuwako jenerali mmoja, Castelo Branco, mkubwa wa jeshi la Recife. Mulishike hilo jina.

Sharti tuseme pia kwamba feza za Angicos zilitoka kwa sehemu Marekani, katika ule mpango wa Prezida Kennedy wa kuzuia Amerika ya Kusini isifuate Cuba. Freire alijua. Alisema anatazama kazi inafanyika namna gani, si feza inatoka wapi. Kati yetu katika sendika hatukubaliani juu ya jambo hilo mpaka leo. Lakini matokeo yaliwashitusha waliolipa. Wakati masomo bado yanaendelea, watu wa majengo pale Angicos walisimamisha kazi, wakidai haki zao za sheria ya kazi. Wenye mashamba wakaanza kusema ni ugonjwa wa ukomunisti umeingia mjini.

Kwa nini woga ule? Ni hesabu ya kura. Sheria ya Brazil ilimukataza asiyejua kusoma kupiga kura. Wakati ule karibu watu 4 kwa 10 wenye miaka 15 na zaidi hawakujua kusoma, na kule kaskazini-mashariki walizidi. Ukimufundisha mtu kusoma ndani ya wiki chache, umemupa pia kura. Mwanzo wa mwaka 1964 leta ya Goulart ilitangaza mpango wa inchi nzima: maduara 20.000, watu milioni 2. Freire ndiye aliitwa Brasília kuuongoza. Mtu mwenye shamba kubwa hahitaji mwanachuoni wa kumueleza maana ya hesabu ile.

Mwisho wa mwezi wa 3 mwaka uleule, askari walipindua leta. Wiki mbili nyuma mpango wa kusoma ulivunjwa. Picha ambazo mchoraji Francisco Brennand alizichora kwa ajili ya maduara zilikamatwa. Prezida mpya ni nani? Castelo Branco.

Freire alitiwa buloko mara mbili, jumla karibu siku 70, mara nyingine ndani ya chumba kidogo kama sanduku. Walimuuliza maswali wakimuita adui wa inchi na wa dini. Yeye aliyekuwa anasali kila siku! Na ofisa mmoja, kwa moyo mweupe kabisa, alikuja kumuomba asaidie kufundisha askari wapya kusoma, kwa sababu wengi wao hawakujua hata herufi moja. Freire akamuelezea kwa upole kwamba ni kwa sababu ya kazi ileile yumo ndani.

Alipoachiliwa na kuitwa tena kuhojiwa, aliingia ambasade ya Bolivia, akaondoka. Alikuwa na miaka 43. La Paz iko juu sana, pumzi ilimukatika, na nyuma ya siku chache askari wakapindua leta ya kule pia. Akashuka Chile. Alikaa Chile mpaka 1969, akitumika na wakulima katika mageuzi ya ardhi. Ni kule, usiku nyuma ya kazi, aliandika kwa mkono kitabu chake kikubwa, Pedagogia ya Wanaokandamizwa. Mwaka wa 1968 alimuachia rafiki yake, Jacques Chonchol, daftari lenyewe la mkono. Kitabu kilitoka kwanza kwa Kiingereza, mwaka wa 1970, New York. Brazil yenyewe haikukitoa mpaka 1974. Wamama wa Marekani waliokisoma walimuandikia barua kumulaumu: kwa nini kila mahali unaongea mwanaume, mwanaume, kama sisi hatupo? Hakujitetea sana. Aliwapa haki, akabadilisha namna yake ya kuandika.

Nyuma ya muda mfupi kwenye universite ya Harvard, mwaka wa 1970 akaenda Genève, Uswisi, kutumika na Baraza la Makanisa la Dunia kama mshauri wa elimu. Miaka 10. Mshauri wa namna gani, bila paspoti? Leta ya Brazil ilimukatalia paspoti kwa miaka mingi, akasafiri na kartasi za watu wengine. Mama yake alikufa kule Brazil, mtoto hakuweza kurudi kumuona.

Kutoka Genève ndipo Afrika ikafunguka. Inchi ya kwanza ya Afrika aliyoikanyaga ni Tanzania, wakati wa Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa ameutangaza mwaka wa 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Freire aliandika kwamba aliposhuka alijisikia kama anarudi, si kama anafika: jua lile, maembe yale, watu wanavyotembea. Mtoto wa Recife alikuta muembe wake.

Mwaka wa 1975 waziri wa elimu wa Guinea-Bissau, Mário Cabral, alimuita. Inchi ilikuwa imetoka katika vita ya uhuru, Amílcar Cabral alikuwa ameuawa mwezi wa 1, 1973. Wareno waliacha karibu watu 9 kwa 10 hawajui kusoma. Freire alikwenda na Elza na wenzake wa Genève, akarudi mara nyingi, akaandika barua nyingi ambazo zilitoka kama kitabu mwaka wa 1977. Kati ya askari waliotoka porini kazi ilikwenda vizuri. Katika vijiji haikwenda. Sababu? Wakubwa wa inchi walichagua kufundisha kusoma kwa Kireno, na mkulima wa Kibalanta hakuongea Kireno nyumbani, wala shambani, wala sokoni. Neno la kazi yake halikuwa la Kireno. Basi metodi nzima, ambayo inaanza na neno la mtu mwenyewe, ilikosa mahali pa kuanzia. Freire alimuandikia waziri kwamba ni lazima kutumia Kikrioli. Hakusikilizwa. Wanachuoni wengine baadaye walimulaumu yeye kwa kushindwa kule. Sisi tunaona lawama si yake yote, lakini hatumufichi: aliongea polepole mno, kama mgeni anayeogopa kumukosea heshima mwenye nyumba, na wakati ulipita.

Tunakaa juu ya habari ya Guinea-Bissau kwa sababu ni yetu. Ndugu wasomaji, hapa kwetu mtumikaji anafukuzwa, anakuja biro ya sendika, tunamuomba kontra yake. Anatoa kartasi iliyokunjwa mara nne. Imeandikwa Kifaransa, mara nyingine na lugha nyingine ya mbali zaidi. Tumemuona mmoja aliyetia sinyatire chini ya mistari iliyosema amekubali kutolipwa masaa ya kupita. Yeye alifikiri ni kartasi ya kupokea buti. Huyo mtu si mjinga. Anaongea Kiswahili, Kibemba na Kiluba, anajua jiwe kwa kulishika tu mkononi. Tulipojaribu kufungua masomo ya jioni, tulianza na silaberi ya Kifaransa ya watoto, yenye picha ya tufaha. Nani katika mashimo anakula tufaha? Leo kwenye tablo kuna kazi, shimo, mushahara, aksida. Watu wanarudi kesho yake.

Mwaka wa 1979 Brazil ilitoa musamaha. Mwaka uliofuata Freire akarudi kabisa, akaishi São Paulo, akafundisha katika universite, akaingia chama cha Lula na watu wa viwanda vya chuma, Partido dos Trabalhadores, kilichozaliwa mwaka uleule. Wasiojua kusoma wakapata kura mwaka wa 1985. Mwaka wa 1986 Elza akafa, na rafiki zake waliogopa naye atamufuata. Mwaka wa 1988 akaoa tena, Ana Maria, binti wa yule direktere aliyempokea bure.

Mwezi wa 1, 1989, Luiza Erundina, mama aliyehama kaskazini-mashariki kama yeye, akawa meya wa São Paulo. Akamupa Freire masomo yote ya mji, zaidi ya 600. Miaka 67, mtu wa vitabu, sasa amekaa kwenye meza ya mukubwa. Alikuta paa zinaanguka, viti havitoshi, walimu wanalipwa vibaya. Hakuanza na hotuba. Alianza na paa, viti na mishahara. Akataka wapishi na walinzi wa masomo wahesabiwe kuwa walimu kwa namna yao, kwa sababu mtoto anajifunza pia namna anavyopewa sahani. Akaweka baraza ambamo wazazi wana sauti, akaanzisha pamoja na vikundi vya mitaa mpango wa kufundisha wakubwa, MOVA. Kuna walimu waliomupinga, kuna magazeti yaliyomucheka. Mwezi wa 5, 1991, akaacha ile kazi kusudi arudie kuandika, mwingine wa timu yake akaendelea.

Mwezi wa 4, 1997, watu wasio na ardhi walitembea kwa miguu mpaka Brasília, na mzee alionyesha furaha yake mbele ya watu. Tarehe 2 mwezi wa 5, moyo wake ukasimama, katika hospitali mjini São Paulo. Alikuwa na miaka 75.

Mwaka wa 2012 Brazil ilipitisha sheria inayomuita baba mlezi wa elimu ya inchi. Prezida aliyeitia sinyatire ni Dilma Rousseff, ambaye askari walewale walimutia buloko akiwa kijana.